Namna ya Kupanga Safari ya Baiskeli kwenye Barabara za Changarawe za Dodoma

Mkazi wa Dodoma anayependa baiskeli ana bahati ambayo watu wa miji mingi mikubwa hawana. Ukitoka katikati ya jiji kwa mwendo wa saa moja na ushee, karibu upande wowote utakaouchagua, unafika mahali ambapo gari hupita mara moja moja na sauti inayosikika kwa mbali ni ya kengele za ng'ombe. Hakuna njia rasmi zilizotengwa kwa ajili ya waendesha baiskeli huko, wala vibao vya kumwongoza msafiri. Kilichopo ni mtandao mpana wa barabara za vijijini zinazounganisha shamba na kisima, kisima na shule, shule na gulio. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzichambua barabara hizo, kuchagua zile zinazopitika bila usumbufu wa magari, na kuziunganisha ziwe safari ya siku nzima. Msingi wa yote yatakayofuata ni huu: katika nyanda hizi za kati, kabla ya kuuliza umbali, uliza udongo.

Udongo kabla ya umbali

Dodoma iko juu ya uwanda wa mwamba wa kale wa granaiti, kwenye mwinuko wa takribani mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na mvua yake kwa wastani ni kama milimita 600 tu kwa mwaka, karibu yote ikinyesha kati ya Desemba na Aprili. Mvua hiyo chache huja kwa kishindo na kuikuta ardhi imekauka na majani yameliwa na mifugo, hivyo sehemu kubwa ya maji haizami bali hutiririka, ikibeba udongo kutoka vilimani na kuupanga kwa uzito wake. Changarawe hubaki karibu na miguu ya kilima, mchanga hutulia katikati ya mteremko, na mfinyanzi laini husafiri hadi bondeni, ambako hufanyika ule udongo mweusi ambao watu wa huku huuita mbuga. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, katika miaka ya 1930, ndiye aliyeeleza kitaalamu jinsi mpangilio huu unavyojirudia kutoka kilima hadi kilima katika Afrika Mashariki. Mfugaji wa Kigogo anaujua bila kuusoma, kwa sababu ndio unaomwambia alime wapi, alishe wapi na achimbe kisima wapi.

Kwa mwendesha baiskeli, ukanda wa juu ndio wa kuutafuta. Barabara inayopita miguuni mwa vilima vya mawe, yenye udongo mwekundu uliochanganyika na changarawe ya asili, hubaki ngumu kiangazi chote na hukauka haraka baada ya mvua. Hapo mtu wa kawaida anaweza kwenda kilomita 15 hadi 18 kwa saa bila kujichosha. Ukanda wa katikati, wa mchanga, hushusha mwendo huo hadi nusu au chini zaidi, na kilomita 10 za mchanga hula nguvu kuliko kilomita 30 za changarawe. Kwenye mbuga hali hubadilika kwa msimu. Wakati wa mvua udongo wake hunata kwenye magurudumu kama ugali usioiva mpaka tairi ligome kuzunguka ndani ya fremu, na wakati wa kiangazi hukauka na kupasuka nyufa ambazo baadhi yake zina upana wa kumeza tairi jembamba. Mtu anayepima safari kwa kilomita peke yake, bila kujua kila kilomita iko kwenye ukanda gani, hawezi kukadiria saa ya kurudi nyumbani.

Habari njema ni kwamba kanda hizi zinaonekana kabla hujatoka. Fungua picha za setilaiti kwenye simu au kompyuta na uifuate barabara unayoikusudia polepole: penye rangi nyekundu au kahawia iliyoiva huwa pagumu, penye weupe unaong'aa ni mchanga, na penye kijivu cha kuelekea weusi, hasa mahali tambarare pasipo na mashamba mengi, ni mbuga. Ukiwa njiani, miti nayo husaidia kusoma ardhi. Mbuyu haupendi udongo unaotuamisha maji, kwa hiyo mstari wa mibuyu mbele yako ni ishara ya ardhi isiyotopesha; migunga mifupi yenye vinundu vyeusi ambamo sisimizi huishi ni alama kwamba unaingia mbugani.

Kujua magari yanakokwenda

Utulivu wa barabara hautokani na udogo wake kwenye ramani. Unatokana na jibu la swali moja: nani ana sababu ya kuipita kwa gari, na lini? Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, na ndizo zinazobeba mabasi na malori. Barabara za wilaya na za vijiji zimekuwa chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu mwaka 2017, na humo ndimo safari yako inapaswa kuwa. Hata hivyo, barabara ya TARURA iliyo karibu na jiji inaweza kuwa na malori mengi kuliko ya mkoa, kwa sababu Dodoma inajengwa kila upande, na ujenzi unataka mchanga na kokoto. Barabara yoyote inayoelekea kwenye korongo lenye mchanga safi, au kwenye kilima kinachopasuliwa mawe, ihesabu kuwa ya malori kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Mashimo ya kuchimba mchanga huonekana wazi kwenye picha za setilaiti, hivyo hakuna sababu ya kukutana nayo kwa kushtukizwa.

Ratiba ya mazao na mifugo ina uzito uleule. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, mavuno makubwa yakiwa ya Agosti na Septemba na mengine yakiwa ya Februari na Machi, na katika majuma hayo magari ya kubeba matenga huingia kwenye vijia ambavyo kwa kawaida havioni gari. Siku ya mnada ndiyo ya kuiepuka kuliko zote: makundi ya ng'ombe, pikipiki zilizopakia mbuzi, na malori ya wafanyabiashara hujaza barabara zote zinazoelekea huko tangu alfajiri. Mnada wa Msalato, kaskazini mwa jiji, unafahamika kuwa wa Jumamosi. Kwa vijiji vingine, uliza siku yake kabla ya kupanga, kwa maana kila eneo lina siku yake.

Jambo la mwisho kuhusu magari ni kwamba hali hubadilika. Barabara ya Ntyuka hadi Mvumi na kutokea Kikombo imo katika mpango wa lami, na barabara ya mzunguko wa nje ya jiji, yenye urefu wa kilomita 112, inakatiza njia za kutokea kwa upande wa Nala, Veyula, Mtumba na Matumbulu. Lami si adui wa mwendesha baiskeli wa changarawe. Ikishawekwa, magari huihamia, na mara nyingi kipande cha barabara ya zamani huachwa kando yake kikiwa kimya kabisa. Vipande vya namna hiyo vinapatikana kandokando ya barabara kuu ya Dodoma kwenda Kondoa na Babati, na ni vya thamani kwa sababu tayari vina tuta na makaravati.

Ramani, reli na maeneo yasiyoruhusiwa

Ramani ya OpenStreetMap ina vijia vingi vya Dodoma, na programu zinazoitumia kama OsmAnd na Organic Maps hufanya kazi bila intaneti ukishapakua eneo husika. Ipakue ukiwa nyumbani, kwa sababu mtandao wa simu hukatika nyuma ya vilima. Chora njia yako, ihifadhi kama faili la GPX, yaani faili la njia linalosomwa na programu hizo, kisha linganisha na picha za setilaiti kipande kwa kipande.

Angalia kwa makini zaidi mahali njia inapokutana na reli. Reli ya kisasa ya SGR, iliyoanza kuhudumia abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, imezungushiwa uzio na huvukwa kwa vivuko maalumu vya juu na chini tu. Vijia vingi vilivyokuwa vikikatiza moja kwa moja bado vipo kwenye ramani na kwenye picha za zamani, na mtu anayeviamini anaweza kujikuta amesimama mbele ya uzio, kivuko cha karibu kikiwa kilomita kadhaa pembeni. Tafuta vivuko kwanza, ndipo uchore njia kuvifuata. Kuendesha ndani ya hifadhi ya reli, iwe mpya au ile ya zamani, hakuruhusiwi.

Kambi za jeshi na za JKT zizunguke kwa mbali na usizipige picha. Mapori ya akiba kama Swagaswaga na Mkungunero upande wa kaskazini, au Muhesi na Rungwa upande wa magharibi, yana wanyama wakubwa na yana taratibu zake za vibali. Hayafai kuwa njia ya mkato ya mtu mwenye baiskeli.

Mbigili, na jinsi ya kuandaa magurudumu

Kinachokatisha safari nyingi za baiskeli Dodoma si umbali wala jua. Ni mbigili. Mmea huu hutambaa chini, una maua madogo ya njano, na tunda lake likikauka hugawanyika vipande vyenye miiba migumu, kila kipande kikiwa na umbo ambalo, likianguka vyovyote, huacha mwiba mmoja ukitazama juu. Hustawi kwenye ardhi iliyochokonolewa: pembezoni mwa barabara, viwanja vya shule, mahali pa minada, na hasa chini ya miti ambayo ng'ombe hupumzikia mchana. Hatari yake huongezeka kuanzia Aprili na Mei, mimea inapokauka, na kijiti cha kivuli kinachokuvutia ushuke ndicho kinachoweza kukupa matundu manne kwa mpigo. Kwa hiyo usiiburuze baiskeli kuingia kivulini. Inyanyue, ibebe, na uilaze juu ya jiwe au iegemeze kwenye shina.

Kinga bora ni matairi mapana yasiyo na tyubu, yenye dawa ya maji ya kuziba matundu ndani yake. Upana wa milimita 45 ni wa chini kabisa ninaoupendekeza kwa Dodoma, na milimita 50 ni bora zaidi, kwa sababu tairi pana huelea juu ya mchanga na linaweza kubeba upepo mdogo bila kugonga ringi. Kwa mtu wa uzito wa kilo 75, presha ya psi 28 hadi 32 inatosha kwenye changarawe, na unaweza kuishusha hadi karibu 22 unapoingia kipande kirefu cha mchanga. Dawa ya ndani hukauka mapema katika joto la huku. Ifungue na kuikagua kila baada ya miezi miwili, hata kama maelekezo ya kwenye chupa yanasema zaidi.

Mwenye baiskeli ya kawaida ya Phoenix au inayofanana nayo asijione ameachwa nyuma. Tairi lake la inchi 28 kwa moja na nusu lina upana wa karibu milimita 40, fremu yake ni imara, na katika kila kijiji chenye duka kuna fundi anayeijua kwa kila nati. Huyo ana faida ambayo mwenye baiskeli ya kisasa hana, kwani tyubu na valvu za baiskeli za kisasa, hasa zile valvu nyembamba za Presta, hazipatikani vijijini, na pampu ya fundi haiingii humo bila kile kipande kidogo cha kubadilishia, ambacho hugharimu fedha kidogo na kinapaswa kukaa mfukoni mwa kila anayekihitaji. Beba tyubu mbili, viraka, msasa, solusheni, vijiti vya kutolea tairi, pampu na kiungio cha mnyororo.

Ukipata tundu, kuna utaratibu unaokuokoa usizibe mara mbili. Kama tairi bado lina upepo na mwiba umebaki ndani, usiung'oe papo hapo; mara nyingi mwiba wenyewe ndio unaoziba, na unaweza kufika nao kwenye kivuli kizuri. Ukishatoa tyubu, pitisha kitambaa laini ndani ya tairi, mzunguko mzima, kwa mwelekeo mmoja kisha mwingine: kitambaa kitanaswa kwenye kila ncha ya mwiba iliyosalia, hata zile ambazo jicho halizioni. Zing'oe zote kwa kucha au koleo. Sugua tyubu kwa msasa, futa vumbi, paka solusheni nyembamba, na subiri mpaka ikauke na kupoteza mng'ao wake kabla ya kubandika kiraka. Fanya kazi hiyo kivulini na ukiwa umeupa upepo mgongo, kwa kuwa vumbi laini la Dodoma likishatua juu ya solusheni, kiraka hakitashika hata ukikibonyeza vipi.

Kupita kwenye mchanga na kwenye makorongo

Kabla ya kuingia mchangani, punguza gia ungali kwenye ardhi ngumu. Sogeza uzito nyuma kidogo juu ya kiti, legeza mikono kwenye usukani na uliache gurudumu la mbele litafute njia yake, huku ukiendelea kukanyaga pedali kwa mwendo mwepesi usiokatika. Usikamate breki ya mbele na usikate kona kali. Na kabla ya kupambana na mchanga wa katikati ya barabara, tazama kando: karibu kila barabara ya mchanga ina kijia chembamba pembeni yake, kilichoshindiliwa na watembea kwa miguu na baiskeli za wanakijiji, kinachopita chini ya miti na kurudi barabarani mbele. Kijia hicho ndicho barabara halisi ya baiskeli ya Dodoma. Mwenyeji mwenye gunia la mahindi kwenye keria hapiti katikati, na wewe usipite.

Makorongo ya mchanga yana tahadhari ya peke yake. Kiangazi huwa makavu, na unayavuka kwa kusukuma baiskeli au kwa kupita juu ya drifti, yaani kivuko cha zege kilichojengwa chini kwenye korongo. Wakati wa mvua, korongo hilo hilo linaweza kujaa kwa ghafla ilhali pale ulipo jua linawaka, kwa sababu mvua imenyesha vilimani, mbali, na maji ndiyo kwanza yanafika. Maji ya rangi ya chai ya maziwa hayakuonyeshi kina chake wala hali ya drifti iliyo chini. Usivuke. Makorongo mengi hupungua baada ya saa chache, na kungoja ni sehemu ya safari.

Msimu, saa na upepo

Miezi bora ni Mei hadi Julai. Mvua imekwisha, mavuno ya mtama na uwele yanaendelea, mchanga bado umeshikamana, na asubuhi ni baridi kiasi cha kuhitaji koti jepesi. Kadiri kiangazi kinavyosonga, kwato na pikipiki huusaga mchanga ukawa tifutifu, na mwezi wa Oktoba na Novemba joto hupita nyuzi 30 mchana. Mvua za kwanza huleta siku chache nzuri ajabu kwenye kanda za mchanga, kwa kuwa mvua ndogo huushindilia. Siku hizohizo mbuga huwa haipitiki.

Upepo wa Dodoma unastahili kupangiwa. Kiangazi huvuma kutoka mashariki na kusini-mashariki, na huzidi nguvu kadiri jua linavyopanda, hasa kati ya Julai na Oktoba. Elekea mashariki asubuhi, wakati upepo ungali mdogo, ili urudi magharibi mchana ukiwa unasukumwa mgongoni. Jua huchomoza mnamo saa kumi na mbili na nusu. Uwe tayari barabarani wakati huo, upumzike kuanzia saa sita hadi saa tisa alasiri, na umalize kabla ya giza. Usiku vijijini kuna fisi, kuna mikokoteni isiyo na taa, na hakuna wa kukusaidia kuziba tundu.

Maji

Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji iliiogopa nyika kavu ya Marenga Mkali, magharibi mwa Mpwapwa, kwa kuwa wapagazi walilazimika kuivuka bila kisima cha kutegemea. Leo hali ni bora kuliko hapo, lakini ardhi haijabadilika. Panga nusu lita hadi robo tatu ya lita kwa kila saa ya kuendesha, na lita moja kwa saa katika joto la Oktoba. Kwa siku nzima, uwezo wa kubeba lita nne ndio wa chini.

Vijiji vingi vina vituo vya kuchotea maji, vinavyosimamiwa na vyombo vya watumia maji chini ya usimamizi wa RUWASA, wakala wa maji vijijini, na pampu zake mara nyingi hufunguliwa asubuhi na jioni tu. Jaza chupa zako mapema hata kama hujaona kiu, na uwe na sarafu za kulipia kama mtu mwingine yeyote aliye kwenye foleni. Katika maeneo mengi maji ya visima yana chumvi; hayatakudhuru kwa siku moja, lakini mwili uliozoea maji mengine utalalamika. Maji ya mabwawa usiyaoge wala kuyanywa, kwa hofu ya kichocho. Chakula si tatizo: mama lishe wa kijijini atakuwa na chai, maandazi, na mchana ugali kwa mlenda, ambao hushuka vizuri kwa mtu mwenye koo kavu. Karanga na ubuyu ni vya kubeba mfukoni.

Mzunguko wa kuanzia: Makutupora hadi Hombolo

Kwa mtu anayeanza, ningependekeza mzunguko huu kabla ya mwingine wowote, kwa sababu unafuata bonde la mto mmoja na unakufundisha kanda zote za udongo kwa siku moja. Toka jijini kwa barabara ya Arusha kupitia Msalato na Veyula hadi Makutupora, kiasi cha kilomita 25. Kipande hiki ni cha lami na kina magari, kwa hiyo ni busara kukipita kwa basi dogo. Makondakta huitoza baiskeli kama mzigo. Makutupora ndiko viliko visima virefu ambavyo kwa miaka mingi vimekuwa chanzo kikuu cha maji ya jiji, na kuna kituo cha utafiti wa zabibu. Iache kambi ya JKT pembeni na ushike barabara za vijijini kuelekea mashariki.

Mto Kinyasungwe Ndogo unatiririka kutoka huku kwenda Hombolo, ambako ulizibwa mwaka 1957 kufanya Bwawa la Hombolo. Ukilijua hilo, njia inajieleza. Ukishuka karibu na mto utakutana na mbuga na makorongo yanayouingia, kwa hiyo baki juu ya mteremko, kwenye udongo mwekundu, na vuka makorongo mahali yalipo bado membamba. Umbali wa kwenda Hombolo ni kilomita 25 hadi 30 kutegemea vijia utakavyochagua. Mashamba ya zabibu yanaonekana kwa mbali kwa nguzo na waya zake. Usikatize ndani yake, kwani mkulima huchimba mashimo na mifereji ambayo baiskeli huiharibu. Hombolo kuna vyakula, samaki wa bwawani, na kivuli cha kupumzikia saa za jua kali.

Kurudi, elekea kusini hadi Ihumwa upepo ukiwa pembeni, kisha magharibi upepo ukiwa nyuma. Barabara ya Hombolo kwenda Ihumwa ndiyo yenye magari zaidi katika mzunguko huu, na vijia vinavyokwenda nayo sambamba vinastahili kutafutwa. Ihumwa utaikuta barabara ya Morogoro, yenye malori mazito ya kwenda na kutoka bandari kavu. Nakushauri usiendeshe humo jioni, bali upakie baiskeli kwenye gari kwa kilomita zilizobaki. Mzunguko wote, ukiendeshwa kutoka mjini hadi mjini, ni kilomita 90 hadi 100.

Ukishauzoea, Mvumi kwa upande wa kusini-mashariki ina vilima vya mawe na ardhi ngumu zaidi, pamoja na hospitali kubwa, jambo la kumpa mtu moyo. Bahi, kwa upande wa magharibi, ni tambarare na mbuga tupu. Iende Julai hadi Oktoba peke yake, na uangalie nyufa. Kondoa inataka siku mbili au tatu na mapafu mazuri. Huko, kati ya Kolo, Pahi na Haubi, utaona makorongo mapana ya mchanga yaliyotokana na mmomonyoko mkubwa, ambao serikali ilipambana nao kwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza mwaka 1973, hadi ikaondoa mifugo yote katika eneo lililoathirika mwaka 1979. Michoro ya miambani ya Kondoa imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2006. Kuitazama, ripoti kwanza kwenye ofisi ya mambo ya kale iliyopo Kolo, ulipe kiingilio na upewe mwongozaji.

Kuuliza njia

Hakuna ramani inayomzidi dereva wa bodaboda wa kijiji husika. Ukimuuliza umbali atakupa saa za pikipiki. Muulize badala yake kama njia ina mchanga, kama korongo linavukika, na kama yeye mwenyewe huipita akiwa na abiria au humshusha atembee. Akisema humshusha, tafuta njia nyingine. Anza kwa salamu. Kwa wazee, shikamoo. Na katika vijiji vya Wagogo, mbukwenyi ikisemwa kwa dhati hufungua mazungumzo haraka kuliko maelezo yoyote. Ukikusudia kulala, mwone mwenyekiti wa kijiji au mtendaji kabla ya kutandika hema, umwambie unatoka wapi na unakwenda wapi. Ukikutana na kundi la ng'ombe, simama pembeni na umwache mchungaji, ambaye mara nyingi ni mtoto, alipitishe kwa utaratibu wake. Kengele ya baiskeli hutawanya ndama, na kazi ya kuwakusanya ni yake.

Ukirudi, andika siku hiyohiyo kile ulichokiona: kipande gani ni mchanga, drifti ipi imevunjika, kituo gani kilikuwa na maji saa ngapi, kivuko cha reli kiko wapi hasa. OpenStreetMap inaruhusu mtu yeyote kuweka aina ya udongo wa barabara, na taarifa hiyo ndiyo inayokosekana zaidi kwa vijiji vya Dodoma. Weka na tarehe, kwa kuwa barabara iliyokuwa ngumu mwezi wa Juni huenda ikawa mchanga mtupu ifikapo Oktoba.